Bibi Miti na Ngitili ya Mjini

Tangu nistaafu ukatekista, mtu wa kwanza kuniambia ninyamaze alikuwa mwanamke aliyeshika keni ya kumwagilia. Nilikuwa nimesimama kwenye njia ya bustani ya mimea hapa Bariadi, nimevaa koti la Jumapili ingawa ilikuwa Jumamosi, namweleza shida yangu kama nilivyozoea kueleza mafundisho: kwanza utangulizi, kisha hoja, kisha mfano. Alinivumilia katika utangulizi tu.

"Nyamaza kidogo, baba," akasema. "Chomeka kidole hapa."

Alinisogezea mche uliokuwa kwenye kiriba, ule mfuko mweusi wa plastiki ambamo miche huanzia maisha. Nikachomeka kidole kwenye udongo.

"Mpaka kiungo cha pili. Usiogope, haung'ati. Unasikia nini?"

"Unyevu."

"Basi huo hauna shida ya maji. Sasa endelea na mahubiri."

Kidole changu kilikuwa na tope, na mahubiri yalikuwa yamenitoka.

Watu wote walimwita Bibi Miti, kama wanavyomwita Bwana Shamba yule afisa wa kilimo ambaye hakuna anayekumbuka jina lake. Nami sitaandika jina la mwanamke huyu. Alikuwa mtunzaji wa bustani ile ya umma, ambako mtu yeyote huingia bure, na aliamini kwamba jina likishawekwa kwenye kibao, watu husoma kibao na kuacha kumtazama mwenyewe. Alikataa hata mimea kuwekewa majina mpaka wanafunzi wake waijue kwa kugusa majani na kunusa magamba. Kamati iliyosimamia bustani ilipoleta kibao kizuri cha bati kilichoandikwa USIGUSE MIMEA, alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakigeuza, na upande wa nyuma akaandika kwa rangi nyeupe: GUSA, LAKINI KWA ADABU. Kisha akakisimika palepale walipotaka kisimame.

Shida yangu siku ile ilikuwa kaburi. Mke wangu amezikwa Lalago, pembeni ya shamba la pamba la ndugu zangu, na kila ua nililolipanda kichwani pake lilikufa. Waridi lilikufa. Asumini ikafa. Ndugu zangu hawakusema neno, lakini nilijua wanawaza: katekista gani huyu ambaye hata ua la mkewe halimtii?

"Ulikuwa unamwagilia?" aliniuliza Bibi Miti.

"Mimi ndoo mbili kila ninapokwenda. Siku nyingine anamwagilia shemeji yangu."

"Udongo gani?"

"Wa mbuga. Mweusi."

"Mmeyazamisha maua," akasema, kama daktari asiye na muda. "Udongo ule ukishashika maji hauyaachii. Watu huua mimea kwa huruma zaidi kuliko kwa kiu, baba. Huruma ndiyo ugonjwa mkubwa wa bustani."

Akanipa mshubiri, mmea wenye majani manene yenye miiba pembeni, ambao kwetu huota hata kwenye mawe na hakuna anayeuhesabu kuwa ua. "Upande, kisha uondoke. Ukirudi pale, mwombee mama. Mshubiri usiuombee, wala usiumwagilie."

Niliona kama amenitukana. Lakini nikaupanda. Kiangazi kilichofuata, wakati pamba imekwisha kuvunwa na nchi nzima imekuwa rangi ya ngozi ya punda, mshubiri ule ulitoa shina refu lenye maua mekundu juu ya kichwa cha mke wangu. Nilipiga magoti pale nikamshukuru Mungu, kisha nikapanda basi kurudi Bariadi nikamshukuru yule mwanamke. Akaniambia shukrani hupokelewa Jumamosi saa mbili asubuhi, na nije na jembe langu.

Hivyo ndivyo nilivyoanza shule uzeeni.

Darasa lake halikuwa na viti. Tulikuwa watu saba au kumi, kutegemea na msimu wa kulima. Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa Mama Zuhura, mwenye duka la vitenge karibu na msikiti, ambaye alikuja kujifunza kutunza asumini aliyoachiwa na bibi yake. Salamu yake kwangu ilikuwa ileile kila wiki: "Katekista, shikamoo. Wiki hii umeua nini?" Nami nilimjibu, "Marahaba, mwanangu. Nimeua kidogo kuliko wewe."

Tulijifunza kuchanganya mboji, kupogolea bila kuchana gamba, kubebesha kikonyo, kitawi kichanga cha mti mmoja, juu ya shina la mwingine. Tulijifunza kutandaza majani makavu kuzunguka shina ili jua lisiinywe ardhi, naye aliyaita matandazo hayo blanketi. Lakini somo alilolirudia mpaka tukalichoka lilikuwa la ukucha. Alituzuia kabisa kung'oa mti mkavu kabla ya kuukwaruza. Alichukua ukucha wa dole gumba, akakwaruza gamba la kijiti kilichoonekana kama kuni, na chini yake pakawa na kijani kibichi.

"Huyu amelala," alisema. "Kwaruza kwanza, ndipo uzike."

Mtu anaweza kudhani alikuwa mpole. Hakuwa. Subira yote aliyokuwa nayo aliitumia kwenye miche, na iliyobaki kwa watu ilikuwa haijazi kisoda. Alimfukuza bwana harusi aliyevunja tawi ili bibi harusi apigwe picha vizuri, na bibi harusi akafukuzwa pamoja naye, gauni na yote. Mama mmoja alipomwambia kwamba yeye huongea na maua yake nyumbani, alimjibu, "Mimea haina masikio, dada. Ina mizizi. Mpelekee maneno yako mumeo, na mboji ulete hapa."

Nilikuwa na neno juu ya imani yake. Kanisani alionekana kwa nadra. Siku moja nilimkabili, kwa upole wa kazi yangu ya zamani, nikamuuliza Jumapili huwa anakuwa wapi.

"Hapa," akasema. "Jumapili mkitoka kusali mnakuja kunikanyagia miche. Nani atakaa nayo?"

Nikamweka moyoni mwangu kwenye fungu la watu vuguvugu. Nilikosea, na ninasema hivyo waziwazi. Nimeishi na watu wa kupiga magoti maisha yangu yote, na sijaona magoti yaliyochakaa kama ya yule mwanamke.

Jambo moja lilinishangaza kuliko yote. Siku aliyoumwa homa nilimpelekea uji nyumbani, na nikakuta uwanja mtupu. Hapakuwa na mti, hapakuwa na ua, hapakuwa na hata mchicha kwenye kopo. Uwanja wa udongo umefagiwa, basi.

"Kinyozi hajinyoi?" nikamtania.

Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Mimi ni mpangaji, Katekista. Mwenye nyumba aliniambia siku ya kwanza: lala, pika, lakini usipande. Unajua kwa nini."

Nilijua. Kwetu mti ni ushahidi. Ukipanda mti kwenye ardhi ya mtu, kesho wajukuu zako watakuja kusema mti ni wa bibi yetu, na penye mti wetu ni petu. Kwa hiyo mpangaji hapandi. Huyu aliyekuwa ameotesha miche ya nusu ya mji alikuwa hana mahali pa kuchimba shimo moja la kwake.

"Bustanini ndipo pekee ninapopanda bila kuulizwa ardhi ni ya nani," akasema. "Ni ya umma. Na mimi ni umma."

Nilikumbuka maneno hayo baadaye, mambo yalipoharibika.

Nyuma kabisa ya bustani, ndani ya ua wa minyaa, ile miti ya utomvu mweupe, kulikuwa na kipande ambacho wageni walidhani kimesahaulika. Hakikumwagiliwa wala kupaliliwa. Kiangazi kilikuwa majani ya kijivu na vijiti vilivyosimama. Hata mimi nilidhani nguvu zilimwishia kabla hajafika kule.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja mfugaji wa Bukundi, aliyekuwa akipita kila ajapo mjini kwa shughuli za ng'ombe. Siku ya kwanza alisimama na fimbo yake akatutazama tukipanda nyasi kwa mistari, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu Bibi Miti, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mnafundishana kupanda majani? Kwetu majani tunayaacha tu yenyewe."

"Mwangaluka, baba. Ndicho nilichotaka kukisikia. Rudia, wasikie."

Akamkalisha mbele yetu, akawa mwalimu. Mzee akatueleza ngitili, ambayo mimi Msukuma niliyezaliwa kati ya ng'ombe nilikuwa nimeisahau kwa kukaa na vitabu. Mvua zinapoanza, familia hufunga kipande cha malisho. Ng'ombe haingii, hata awe wa mwenye kaya. Wakati majani ya kila mahali yamekwisha na ndama wanalia, ndipo ngitili hufunguliwa.

"Ng'ombe wa kiangazi unamlisha masika," mzee akasema, "kwa kumzuia."

Bibi Miti akatuambia kwamba kile kipande cha nyuma ni ngitili yake. Chini ya udongo ule kulikuwa na visiki na mizizi ya miti iliyokuwapo kabla ya mji: mkwaju, mgunga, na miche ya mninga aliyoipanda mwenyewe na ambayo ilikuwa inaanza kushika. Ni miti isiyouzwa na mtu yeyote, kwa sababu kila mtu alidhani ipo tu. Akaifunga ipumue, ikue, itoe mbegu za kitalu kizima.

Mwenyekiti wa kamati hakuona hivyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa nadhifu, mwenye suti ya kijivu, na alipenda mji wake upendeze. Alitaka pale nyuma pajengwe ukumbi wa sherehe, na mbele yake zulia la ukoka ambapo maharusi wangepigwa picha. Utaratibu wao ulisema sehemu isiyoendelezwa inaweza kubadilishiwa matumizi. Wakatangaza ukaguzi siku ya Jumatatu.

Siku ya Ijumaa, Bibi Miti alikwenda Shishiyu kufuata mbegu. Na hapa ndipo ninapoingia mimi, nikiwa na ufagio.

Naomba msomaji wa mbali aelewe. Kwetu mgeni hupokelewa na uwanja uliofagiwa. Uwanja wenye majani ni aibu ya nyumba, na majani marefu ni nyoka. Mama yangu alifagia kabla jua halijatoka, na mistari ya ufagio ilibaki kwenye udongo kama mistari ya daftari. Hapo ndipo tulijua nyumba imeamka vizuri. Sasa wakubwa wanakuja, mwenye nyumba hayupo, na uwanja wa nyuma uko vile! Somo la ngitili nililijua, lakini niliona tutaondoa vilivyokauka tu. Nilimwambia Mama Zuhura, "Tumtoe dada yetu aibu." Naye akaenda dukani kuchukua fagio mbili.

Tulifanya kazi tangu asubuhi hadi alasiri. Tulifyeka majani. Tuling'oa vijiti vikavu. Tulikusanya kila kitu kwenye shimo la pembeni tukachoma, na nilikuwa naimba. Ndiyo, niliimba, kwa sababu nilimpenda yule mwanamke kama dada yangu na nilitaka Jumatatu asimame kifua mbele. Tulipomaliza, mistari ya ufagio ilikwenda kutoka ua hadi ua bila jani moja.

Alirudi Jumamosi asubuhi. Tulikuwa tunamsubiri kama watoto waliopika ugali kwa mara ya kwanza. Akasimama kwenye uwazi wa ua wa minyaa. Akaweka chini mfuko wa mbegu. Akatembea hadi kwenye shimo, akaokota kijiti kimoja ambacho moto haukukifikia, akakikwaruza kwa ukucha, akanionyesha.

Kijani.

"Katekista," akasema kwa sauti ya chini, "umefagia kanisa pamoja na waumini wake."

Mama Zuhura akaanza kulia. Mimi nikakaa kwenye udongo niliousafisha. Nimefundisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu ule mfano wa shamba la ngano, ambapo watumishi wenye bidii walitaka kung'oa magugu na bwana wao akawakataza wasije wakang'oa ngano. Kila mwaka nilikuwa nikiwashangaa watumishi wale kwa ujinga wao. Siku ile niliwatambua. Walikuwa na sura yangu.

Kisha nikatoa shauri. Kitaluni kulikuwa na miche mingi. Tuichukue, tuichimbie pale kabla usiku haujaingia, Jumatatu wakute shamba.

"Hapana."

"Tutaokoa kipande chako."

"Nimesema hapana. Sitadanganya kwa miche. Miche haijui kudanganya. Itaninyaukia mbele yao." Akaokota ufagio wangu, akauegemeza kwenye ua wa minyaa mahali ambapo kila mtu angeuona. "Acheni waje. Na huu waukute."

Jumatatu wakaja, mwenyekiti na wenzake watatu, na mkanda wa kupimia. Mama Zuhura alikuwa amempigia simu mzee wa Bukundi, naye alikuwapo, ameegemea fimbo.

Mwenyekiti akatazama uwanja, akatabasamu kwa adabu. "Mama, tumekuwa tukibishana bure. Hapa pako wazi. Hata watu wako wamelisafishia jengo kiwanja."

"Hapako wazi, mheshimiwa. Pamelala."

"Pamelala au pamekufa?"

"Una ukucha. Inama ukwaruze."

Mwenyekiti akacheka, akajitazama suti. Hapo mzee wa Bukundi akasogea na kumsalimu kama mwanawe. "Mwangaluka, ng'wanawane."

Mtu aliyelelewa kwetu hawezi kuruka salamu ya mzee, hata akiwa na mkanda wa kupimia mkononi. "Mwangaluka, baba," mwenyekiti akaitikia.

"Mzee wako alikuwa na ngitili?"

"Alikuwa nayo."

"Mvua zikiwa zimeanza, uliwahi kuingiza ng'ombe?"

Mwenyekiti akautazama mkanda mkononi. Wenzake wakamtazama. "Ndama mmoja," akasema.

"Mzee akakufanya nini?"

"Sikukaa chini siku mbili."

Watu wote wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Mzee hakucheka. "Basi mzee wako hakuwa mjinga. Hii ni ngitili. Mwenyewe hajaifungua. Unataka kuingiza ukumbi mzima."

"Ngitili gani isiyo na jani?" mwenyekiti akauliza, na swali lilikuwa la haki.

Nikajua zamu yangu imefika. Niliwahi kusimama mbele ya maaskofu; sasa nikasimama mbele ya mkanda wa kupimia. "Majani yalikuwapo. Miti ilikuwapo. Mimi ndiye niliyeing'oa na kuichoma, mtunza bustani akiwa safarini. Ufagio ni ule pale. Kwenye ripoti yenu msiandike kwamba mama huyu ameacha ardhi tupu. Andikeni jina langu."

Kisha Bibi Miti akasema, "Nipe mvua za kwanza tu. Alichong'oa Katekista juu sicho kilicho chini."

Mwenyekiti akafikiri. "Mvua za kwanza. Zikipita pakiwa hivi, ukumbi unajengwa, na wewe mama utatupisha kazini."

"Nimekubali. Na pakichipua?"

"Pakichipua patabaki mnavyopaita."

"Paite wewe, watu wasikie."

Akatikisa kichwa, akasema kwa Kisukuma kizuri cha baba yake: "Ngitili."

Wiki zilizofuata zilikuwa kwaresima yangu ya pekee, ingawa kalenda haikusema hivyo. Mvua zilichelewa. Asubuhi moja nilishindwa kuvumilia, nikajaza keni nikaenda nayo nyuma. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kwenye uwazi wa ua, kana kwamba aliniona ndotoni.

"Rudi na maji yako."

"Mayu, wewe utafukuzwa."

"Ukiimwagilia sasa itaamka kabla ya wakati, na jua litaimaliza. Nimeweka kazi yangu hapo, Katekista. Wewe weka subira yako. Au ilikuwa ya kufundishia watu tu?"

Nilirudi na maji yangu.

Mvua ilinyesha mchana, ya ghafla, yenye mawe. Siku kadhaa hatukuona kitu. Kisha chipukizi la kwanza likatokeza kwenye kisiki cha mkwaju, jekundu kama sikio la kichanga. Halafu mgunga. Halafu majani, kila mahali, yakifuata na kuifuta mistari ya ufagio wangu mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti alikuja na suti yake. Safari hii aliinama, akakwaruza kijiti kwa ukucha wake mwenyewe, akakaa akiwa amechuchumaa kwa muda. Alitimiza neno lake. Kipande kikabaki.

Mininga haikurudi. Ilikuwa bado michanga, haina mizizi ya kutosha, na mimi niliichoma. Ninaandika hili kwa sababu toba isiyotaja kosa ni upepo.

Naye Bibi Miti hakubaki. Mkataba wake ulipokwisha haukuendelezwa. Barua ilimshukuru kwa utumishi wake. Tulioijua kamati tulijua kuwa ukaidi husamehewa kwa mdomo na kukumbukwa kwenye faili. Nilikasirika kuliko alivyokasirika yeye. Nilitaka twende tukapaze sauti. Alikuwa anafunga mizigo, chungu kimoja na magunia mawili ya miche.

"Ngitili imebaki," akasema. "Mimi nilikuwa mpangaji tu."

Akahamia Shishiyu, kwenye chumba kingine cha kupanga, na mwenye nyumba mwingine asiyetaka mti.

Tangu hapo mimi huenda bustanini kila Jumamosi. Hakuna aliyeniajiri, na hakuna aliyeweza kunizuia, maana mimi nami ni umma. Ninawakalisha watu kwenye kigoda chake, ninawachomekesha vidole, ninawakwaruzisha vijiti. Kile kibao kimegeuzwa mara mbili kionyeshe tena USIGUSE. Mara zote mbili nimekigeuza tena, mchana kweupe, huku watu wakiniona. Macho yangu yamepungua nguvu, lakini maandishi yale nayajua.

Kiangazi hiki alikuja.

Nilisikia Mama Zuhura akipiga kigelegele getini, nikainuka. Bibi Miti alikuwa amekonda, anatembea kwa kuegemea upande mmoja, na mkononi alishika ufagio mpya wa vijiti, uliofungwa kwa kamba ya katani.

"Nimekuletea zawadi, Katekista," akasema. "Nimesikia Jumatatu mna wageni."

Ilikuwa kweli. Kamati ina mwenyekiti mpya, ambaye hakuwapo siku ile ya ahadi na hajawahi kumwingiza ndama mahali. Ametangaza ukaguzi. Ukumbi wa sherehe umerudi midomoni mwa watu.

Tulikwenda wote hadi nyuma. Ngitili ilikuwa ya kijivu, kavu, kama siku nilipoiona mara ya kwanza. Mtu asiyejua angesema imekufa. Alipita kijiti kwa kijiti bila haraka, akikwaruza.

Nilikuwa na neno nililoliandaa kwa muda mrefu. Nikamwambia kwamba kiwanja changu cha nyumbani kina nafasi, kwamba nitaita mashahidi, nitasema mbele yao kwamba miti yote atakayoipanda pale ni yake na ya wajukuu zake. "Njoo upande, mayu. Hapo hutaulizwa kitu."

Alinitazama kwa upendo, nami nikajua jibu kabla hajalisema.

"Nikipanda kwako nitakuwa mpangaji wa huruma yako. Nilikufundisha nini kuhusu huruma?" Akaonyesha kwa kidevu mkwaju uliochipua kwenye kisiki, sasa umefika kifuani mwake. "Wangu ni ule. Na huo si wangu peke yangu, ndiyo maana hakuna wa kunifukuza hapo. Sasa niambie. Jumatatu wakija, utafanya nini?"

"Nitakaa hapa kwenye kigoda."

"Wakikuambia uondoke?"

"Nitawaambia wainame wakwaruze."

"Wakisema ni pori?"

Nilikaa chini, nikauchukua ule ufagio mpya, nikafungua kamba ya katani kwa vidole vyangu visivyo na haraka. Vijiti vikatawanyika mapajani mwangu. Nikaanza kuvivunjavunja na kuvitandaza kuzunguka shina la mkwaju, kimoja kimoja, nikiacha nafasi kwenye gamba ili lipumue, kama alivyonifundisha. Mama Zuhura akapiga magoti akanisaidia. Tulipomaliza, hapakubaki ufagio. Palibaki blanketi.

Bibi Miti akainama kwa shida, akachomeka kidole chini ya vijiti, mpaka kiungo cha pili, akakaa nacho humo.

"Somo hili limekuchukua muda, Katekista," akasema.

"Nilikuwa nimelala," nikamjibu.